Shajara ya mradi: laptopu ya steshenari ya Shangazi

Jumamosi, 10 Januari 2026

Mashine yenyewe: laptopu ya kiofisi ya mtumba, prosesa Core i5 ya kizazi cha nne (uzao wa mwaka 2013), RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, na diski ya GB 500 inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, Windows 10 Pro. Mahali: steshenari ya Shangazi, Ngamiani, Tanga. Kazi: kuchapa barua na mitihani, kuskani vyeti, kukata picha za pasipoti, kujaza fomu za mtandaoni za kila aina, na kutwa nzima kupokea flashi za watu. Lalamiko, kwa maneno ya mwenye mali: "Imekuwa nzito. Mteja anakaa wee, mwishowe anakwenda kwa jirani." Na shule ndiyo hizi zinafunguliwa.

Fundi wa mtaani ameshatoa hukumu kwamba ipigwe windows upya. Sikatai kwamba dawa hiyo huleta nafuu. Ila haisemi ugonjwa ulikuwa nini, na uzito ukirudi baada ya miezi michache mtu ameshapoteza draiva ya skana (programu inayoiunganisha na kompyuta), violezo vya barua na nywila zote zilizokuwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: hakifutwi kitu wala hakiongezwi kitu mpaka nijue muda unapotelea wapi.

Kupima sikutumia saa ya mkononi. Windows ina daftari lake ambalo wengi hawajawahi kulifungua. Ingia Event Viewer, fuata njia ya Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, kisha Operational, utafute tukio namba 100. Kila mashine inapowaka, humo huandikwa muda uliotumika kwa milisekunde. Leo: 284,310, yaani karibu dakika tano kabla haijatulia. Uzuri wa daftari hilo ni kwamba linakumbuka ya nyuma. Mwezi Septemba muda ulikuwa nusu ya huo. Basi hii si kompyuta iliyozeeka polepole. Kuna kitu kimetokea kati ya Septemba na sasa.

Jambo jingine dogo. Shangazi huizima kila jioni, naye hasemi uongo, lakini ukurasa wa Performance kwenye Task Manager unaonyesha mashine iko macho kwa wiki kadhaa mfululizo. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, kiini cha mfumo hakizimwi. Kinahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na kesho yake kinarudishwa vilevile, pamoja na uchafu wake. Restart ndiyo inayoanza upya kikweli. Vipimo vyangu vyote nimevichukua baada ya Restart.

Jumapili, 11 Januari

Leo ni zamu ya diski. Nimefungua Resource Monitor (andika resmon kwenye Start) nikaiacha mashine imekaa bila kazi yoyote. Prosesa inacheza kwenye asilimia 30, na hilo nitalirudia baadaye. Diski ipo asilimia 100 bila kushuka, na kwenye safu ya muda wa kujibu naona faili zinasubiri milisekunde 900, nyingine 1,800.

Hesabu yake si ngumu. Sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 na kidogo, kwa hiyo kichwa cha kusomea husubiri wastani wa 5.6 mpaka sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Ongeza muda wa kichwa kusogea kutoka mstari hadi mstari, unapata kati ya milisekunde 15 na 20 kwa kila ombi lililotawanyika. Hayo ni maombi kama 60 kwa sekunde, basi. Ndiyo maana programu kumi zikiamka pamoja asubuhi, kila moja na vifaili vyake, mashine inaganda hata kama prosesa ina nafasi: muuzaji ni mmoja na wateja wote wamefika kwa mkupuo. Lakini hata foleni hiyo haitoshi kueleza 1,800 wakati hakuna anayefanya kazi. Diski inayorudia kusoma mahali pamoja tena na tena ndiyo inayochukua muda wa namna hiyo.

CrystalDiskInfo ikathibitisha. Ni programu ya bure inayosoma takwimu ambazo diski hujiandikia yenyewe, zile za SMART. Badala ya rangi ya buluu ya salama, imetoa njano. Mistari ya kuangalia ni mitatu: 05, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwisha kubadilishwa, C5, sekta zinazosubiri kuamuliwa kama zimekufa au la, na C6, zilizoshindikana kabisa. C5 inasema 18. Angalizo kwa anayeanza: tarakimu za safu hiyo huonyeshwa kwa mfumo wa kumi na sita usipobadilisha mpangilio, kwa hiyo 18 hiyo ni 24 ya kawaida.

Hapa mradi ukageuka. Nilikuja kusafisha, nimekuta mgonjwa. Na karibu kila kitu ambacho watu hufanya kompyuta ikiwa nzito ni kazi ya sulubu kwa diski. Kupanga upya vipande vya faili huilazimisha isome na kuandika karibu eneo lote. Chkdsk, amri ya kukagua diski, ikiwa na /r hupitia kila sekta. Antivairasi ikiambiwa ikague mashine nzima hufungua kila faili. Diski yenye afya huyastahimili hayo yote. Diski yenye C5 inayopanda yanaweza kuimaliza, na data ikaondoka nayo. Kwa hiyo nimezima ratiba ya kila wiki ya Optimize Drives, sijaendesha kingine chochote, nikaanza kutoa nyaraka.

"Kwa hiyo imekufa?" Shangazi akauliza.

"Haijafa, Shangazi, ila isichoshwe."

"Na mitihani ya Mwalimu, baba? Keshokutwa anaifuata."

"Ndiyo ninayoanza nayo."

Nimenakili kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, kwenda kwenye diski ya nje, nikaipa /R:1 /W:1 (irudie mara moja tu, isubiri sekunde moja). Bila hizo, robocopy ikikutana na faili lisilosomeka hujaribu tena mara milioni moja, na kila jaribio husubiri sekunde 30. Aliyeamua hivyo alikuwa na subira kuliko diski yoyote ninayoijua. Faili tatu zimegoma, zote za muda za kivinjari. Mitihani ipo, violezo vipo.

Jumatatu, 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi

Duka limefungwa, siku njema ya kuhamisha diski. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, imenunuliwa, ya GB 512. Ya GB 480 ingekuwa nafuu, lakini Clonezilla, programu ya bure ya kuhamisha diski, kwa kawaida hudai diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kama nusu yake ni tupu, na kupunguza ukubwa wa patisheni (mgawanyo wa diski) kwenye diski inayoumwa ndiyo sulubu ileile ninayoikwepa.

Kabla ya yote niliendesha powercfg /h off. Amri hiyo inaondoa hiberfil.sys na kuua Fast Startup kwa pamoja. Bila hivyo Windows huiacha diski ikiwa imelala nusu, na programu za Linux, kama Clonezilla, hukataa kuigusa, kwa haki kabisa. Kisha nikaandika Clonezilla kwenye flashi kwa kutumia Rufus, nikawasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, SSD ikiwa nje kwenye kesi ya USB, nikachagua -rescue ili isisimame ikikuta sekta mbovu. Clonezilla inanakili sehemu zenye data tu, si diski nzima. Mpaka adhuhuri imemaliza.

SSD ikaingia ndani, ile ya zamani nimeiandika "USITUMIE" kwa makapeni na kuiweka kabatini. Sasa ndipo nilipokagua kwa uhuru, kwa mpangilio huu: chkdsk /f kwanza, DISM yenye /RestoreHealth ikafuata, sfc /scannow mwisho. DISM inatangulia kwa sababu ndiyo inayorekebisha ghala la faili za Windows ambalo sfc huchukua faili zisizoharibika kutoka humo. DISM huchota kwenye intaneti, kwa hiyo bando liwepo. Sfc imeripoti faili zilizoharibika na kwamba imezirekebisha.

Tukio namba 100: 71,204.

Jumamosi, 17 Januari

Shangazi ameridhika na anauliza ninachokifuata tena ni nini. Ninachofuata ni ile asilimia 30 ya prosesa. SSD imeificha tu.

Task Manager, ukurasa wa Startup, unaonyesha programu nane, na tano zimepewa daraja la High. Daraja hilo lina maana kamili: programu imetumia zaidi ya sekunde moja ya prosesa au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 wakati wa kuwaka. Nimezima za simu, za vikao vya video na za printa ambayo haipo tena. Lakini ukurasa huo hauonyeshi kila kitu, kwa hiyo nimeleta Autoruns. Ni mojawapo ya zana za Sysinternals, zilizoanzishwa mwaka 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell. Microsoft ikainunua kampuni yao mwaka 2006, na mpaka leo zinatolewa bure. Kitu chochote kinachojiwasha chenyewe, kiwe huduma, draiva, kazi ya ratiba au kiambatisho cha kivinjari, Autoruns inakiorodhesha. Mstari wa njano ni faili lisilokuwepo tena. Mstari wa waridi ni kitu kisicho na saini ya mchapishaji.

Nilizima pia kichujio kinachoficha vitu vya Windows. Sababu ni kwamba wscript.exe ni programu halali ya Windows yenyewe, ya kuendesha skripti, na ndiyo mlango wanaoupenda wadudu (virusi) wa flashi. Naam. Kwenye ufunguo wa Run wa mtumiaji, sehemu ya rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) inayotaja vya kujiwasha, kuna mstari unaoita wscript.exe na kuikabidhi faili la skripti la .vbs lililojificha ndani ya AppData, folda ya Roaming. Nakala ya pili ipo kwenye folda ya Startup. Tarehe ya faili: mwezi Oktoba. Huyo ndiye anayekula prosesa, na kila flashi inayochomekwa anaipachika nakala yake.

Kila mwenye steshenari anamjua mdudu huyu kwa matendo yake. Mteja anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, na akili inamwambia mafaili yamefutika. Hayajafutika. Yamepewa sifa ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, na badala ya kila folda pamewekwa njia ya mkato yenye jina na picha ileile, ambayo ukiibofya inaita .vbs kwanza kisha inakufungulia folda yako kama kawaida usishtuke. Ujanja huu ulishamiri kwa sababu ule wa zamani ulizibwa. Zamani kuchomeka tu kulitosha, autorun.inf ilifanya kazi yenyewe. Windows 7 ikaja na njia hiyo imefungwa kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuifunga kwenye XP na Vista. Tangu hapo mdudu anahitaji kidole cha mtu.

Kumwondoa: nimesimamisha wscript.exe kwenye Task Manager, nikafuta mistari yake Autoruns, nikafuta faili zote mbili, kisha nikaendesha ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao, ule unaowasha mashine upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Flashi za Shangazi nimezirudisha kwa attrib -h -s -r /s /d E:\*.* na kufuta njia za mkato. Mafaili yote yamejitokeza.

Ili asirudi kesho na mteja wa kwanza, nimefunga Windows Script Host, sehemu inayoendesha .vbs, kabisa: kwenye rejistri, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, thamani ya Enabled imewekwa 0. Dukani hakuna anayetumia .vbs. Kwenye ofisi yenye skripti zake ningefikiri mara mbili. Nimewasha pia maonyesho ya viambishi vya faili, na Shangazi sasa anafanya kazi kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Hilo la mwisho amelipokea kwa shingo upande, kwa sababu nywila inaulizwa. Atalizoea.

Prosesa bila kazi: asilimia 2 hadi 4.

Jumanne, 20 Januari

Leo ni zamu ya wasafishaji. Nimekuta programu mbili zilizoahidi kuifanya kompyuta iruke: moja ya kusafisha rejistri, nyingine ya kuachia RAM. Sitazitaja. Zote zilijiwasha asubuhi na mapema, na zote zilikuwa miongoni mwa zile tano za daraja la High.

Rejistri ina mamia ya maelfu ya maingizo. Kufuta elfu moja yaliyopitwa na wakati hakuongezi kasi unayoweza kuipima, na kufuta moja lisilostahili kunaweza kuua programu. Microsoft wenyewe wameandika waziwazi kwamba hawaungi mkono matumizi ya zana hizo. Ile ya RAM ni mbaya zaidi. Inazilazimisha programu ziachie kurasa zao za kumbukumbu, mshale unapanda na unafurahi, halafu ukirudi kwenye Word kurasa zilezile zinasomwa upya kutoka kwenye diski. Kwenye diski ile ya zamani hiyo ilikuwa adhabu tupu.

Na kuna suala la kuamini. Agosti 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ambayo mafundi wengi tulikuwa tukiiweka kila mahali bila kufikiri, lilisambazwa likiwa na programu hasidi ndani yake, na lina saini halali ya kampuni. Wavamizi walikuwa wameingia kwenye mfumo wa kutengenezea programu yenyewe. Kompyuta milioni 2.27 zilipakua toleo hilo kabla ya kugundulika mwezi Septemba. Siyo sababu ya kuikimbia kila programu, lakini zana yenye ruhusa ya kufuta popote lazima iwe na kazi isiyofanywa na zana zilizokuja na mfumo. Hizo mbili hazikuwa nayo. Zimetoka.

Nafasi ya diski niliichunguza kwa WinDirStat. WizTree ina kasi zaidi kwa sababu inasoma jedwali la faili la NTFS moja kwa moja, lakini bure yake ni kwa matumizi binafsi, na hili ni duka. Kilichojaa: folda ya Downloads, fomu ileile imepakuliwa mara nyingi kwa majina yenye (1), (2) na kuendelea, pamoja na skani za vyeti vya wateja wa miaka iliyopita. Hizo za vyeti hazikupaswa kukaa hapo hata kwa sababu ya faragha tu. Tumekubaliana kila Jumamosi folda hiyo inamwagwa. WinSxS, folda ya lile ghala la faili za Windows, inaonekana kubwa mno kwenye picha, msiiguse kwa mkono. Sehemu kubwa ya ukubwa huo ni faili zinazohesabiwa mara mbili; DISM yenye /AnalyzeComponentStore ndiyo inayosema ukweli, na /StartComponentCleanup ndiyo inayopunguza salama.

Printa nayo. Kazi zilizokwama zilikuwa zimebaki kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, na kila kuwasha kompyuta ilijaribu kuzituma tena. Net stop spooler (inasimamisha huduma ya foleni ya printa), futa vilivyomo humo, net start spooler. Nimemtengenezea Shangazi faili la .bat lenye mistari hiyo mitatu, jina lake "Printa imegoma", liko kwenye Desktop, nalo huendeshwa kwa ruhusa ya msimamizi. Katika mradi mzima hiki ndicho kilichomfurahisha kuliko SSD.

Jumapili, 1 Februari

Bando na umeme.

Intaneti ya duka inatoka kwenye simu. Windows huiona kama Wi-Fi yoyote na kupakua masasisho jinsi ipendavyo. Kwenye mipangilio ya mtandao huo nimewasha alama ya kwamba unalipiwa kwa kipimo, na upakuaji mkubwa ukasubiri ruhusa. Delivery Optimization, inayogawana masasisho na kompyuta nyingine, nimeizima. Masasisho ya usalama hayaachwi: Jumapili naileta mashine nyumbani inashiba.

Umeme ndio ulionipa kile nilichokuwa nakitafuta tangu siku ya kwanza. Powercfg /batteryreport inatoa ripoti ya betri. Uwezo uliosalia haufiki hata moja ya kumi ya ule wa kiwandani. Maana yake laptopu hii imekuwa ikizimika papo hapo kila umeme ukikatika, kichwa cha diski kikiwa katikati ya kuandika. Kwenye Event Viewer, tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo huandikwa mashine ikiwaka baada ya kuzimika bila kuagwa, lilianza kurundikana mwezi Oktoba. Sekta ambayo imekatizwa ikiandikwa ni mojawapo ya njia za kuingia kwenye C5. Siwezi kuapa kwamba betri ndiyo iliyoiua diski, lakini SSD nayo haipendi kukatiwa umeme, kwa hiyo betri imeagizwa kabla ya kitu kingine. RAM imeongezwa ikafika GB 8 kwa kipande cha DDR3L. Sina la kusema hapo, kimeingia na kimefanya kazi.

Jumapili, 15 Februari

Betri imefika, imewekwa. Tukio namba 100 leo: 38,950. C5 kwenye SSD haina maana ileile, kwa hiyo sasa naangalia asilimia ya uhai: 100. Wscript haijaonekana tena. Flashi zenye njia za mkato zinaletwa bado, karibu kila siku, na binti anayemsaidia Shangazi ameshajua ile amri ya attrib kwa moyo. Kwanza aliwafanyia wateja bure, sasa Shangazi ameiwekea bei.

Kilichobaki ni kikubwa kuliko vyote, na hakina zana ya kukisafisha. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi cha nne. Kwa Intel inaanzia cha nane. Nimeisajili mashine kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watu binafsi haulipiwi ukikubali kusawazisha mipangilio na akaunti ya Microsoft, nao unakwisha tarehe 13 Oktoba 2026. Kuilazimisha Windows 11 iingie kwa mlango wa nyuma inawezekana, lakini kwa mashine ya biashara sitaki, maana sasisho lolote linaweza kugoma na hakuna wa kumuuliza.

Njia ya pili ni kuiacha Windows na kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, toleo jepesi la Xfce, ambalo GB 8 zinalitosha na kubaki. Nimeliwasha kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Wi-Fi imeshika, printa imechapa, fomu za mtandaoni zinafunguka. Skana haijaitikia. Na Mwalimu huleta mitihani ya Word yenye majedwali ya hesabu. LibreOffice, mbadala wa Word huko, imeifungua minne sawasawa, wa tano umehamisha mchoro wa pembetatu ukurasa wa pili.

Wiki ijayo: skana tena, nikijaribu draiva ya sane-airscan, halafu mitihani yote ya muhula uliopita mmoja mmoja.